Kuhesabu kwa Mizani: Mazoezi ya Moli na Uwiano kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Wanachuo wanaoandaliwa kufundisha shule za msingi huuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini wasumbuliwe na moli ilhali hakuna mtoto wa darasa la sita atakayewauliza habari zake. Jibu langu ni kwamba hesabu ya moli ni hesabu ya uwiano, na uwiano hufundishwa na mwalimu wa shule ya msingi. Mwanafunzi wa sekondari anapokwama mbele ya swali linalomtaka aseme gramu ngapi za kitu hiki zitapatikana kutokana na gramu kadhaa za kitu kile, mara nyingi kemia haina lawama. Alikwama miaka mitatu au minne nyuma, siku alipoambiwa "zidisha huku, gawanya huku" bila kuonyeshwa sababu. Mwalimu aliyemwambia hivyo hakumwona akianguka, kwa kuwa mtoto alikuwa amekwisha kuondoka mikononi mwake.

Katika makala hii nakusudia kumsaidia mwanachuo afanye mazoezi yake mwenyewe ya moli kwa kuelewa, na papo hapo nionyeshe ni sehemu gani ya mazoezi hayo inayoweza kuingizwa darasani kwa watoto. Moli yenyewe isifundishwe darasa la sita wala la saba. Kinachofaa kufundishwa huko ni mawazo yaliyo chini yake.

Kuhesabu bila kuhesabu

Muuza duka la vifaa vya ujenzi hahesabu misumari. Mteja akitaka misumari ya kupigilia mabati ya nyumba nzima, muuzaji hupima kilo, naye fundi hujua kwa mazoea kilo moja ina misumari mingapi. Hapo mizani imefanya kazi ya kuhesabu. Jambo hili watoto wameliona mara nyingi, lakini hawajaulizwa linawezekanaje. Linawezekana kwa sababu misumari ya aina moja inalingana uzito. Ukijua uzito wa mia moja, umejua idadi iliyomo katika uzito wowote.

Somo lenyewe laweza kufanywa kwa maharage na mahindi. Yapasa kila kikundi kichague punje zinazolingana kwa ukubwa, kihesabu maharage 100 na mahindi 100, kisha kipime kila fungu. Shule nyingi hazina mizani ya kupimia gramu, lakini hilo lisiwe kisingizio. Kijiti kilichonyooka, chenye urefu wa nusu mita hivi, hufungwa uzi katikati, na makopo mawili yanayolingana huning'inizwa kwenye ncha zake. Maharage huwekwa katika kopo moja, na maji hutiwa katika kopo la pili kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mpaka kijiti kilale sawa. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo mililita zilizotiwa ndizo gramu za maharage.

Tuseme kikundi kimepata kwamba maharage 100 yana gramu 40 na mahindi 100 yana gramu 30. Uwiano wa uzito ni 4 kwa 3. Mafungu mawili ya kila aina yatakuwa na gramu 80 na gramu 60, na uwiano utabaki 4 kwa 3. Hapa ndipo penye kiini cha somo, na mwalimu asipaharakishe: kila mara uzito wa maharage na wa mahindi ukiwa katika uwiano wa 4 kwa 3, idadi zao ni sawa, ziwe mia au milioni, hata kama hakuna aliyezihesabu.

Sasa mwalimu aulize: "Hizi hapa ni gramu 240 za maharage. Nipimieni mahindi yenye idadi ile ile." Wengi watapima gramu 240 za mahindi. Mwalimu asiwakatize wala asiwacheke. Awaache wagawanye kwa mafungu: maharage ni mafungu 6, yaani punje 600, na mahindi waliyopima ni mafungu 8, yaani punje 800. Watauona mgongano wenyewe. Mahindi yanayotakiwa ni mafungu 6, nayo ni gramu 180. Baada ya hapo aulize swali gumu zaidi: kwa kila harage moja nataka punje mbili za mahindi, je, nipime gramu ngapi? Mafungu 12, gramu 360. Mtoto aliyejibu swali hili kwa kueleza sababu zake amefanya hesabu kamili ya kemia pasipo kusikia hata neno moja la kemia.

Nimetumia neno uzito kama litumikavyo sokoni. Mwalimu wa fizikia atapendelea tungamo, naye hakosei, lakini kwa haja ya makala hii neno la sokoni latosha.

Moli ni fungu

Lugha yetu haina upungufu wa mafungu. Viatu tunavihesabu kwa jozi, mayai na vikombe kwa dazeni, na wafanyabiashara wa pwani tangu zamani wamehesabu boriti za mikoko kwa korija, yaani ishirini ishirini. Moli ni fungu la namna hiyo hiyo, ila ni kubwa kupita kiasi, kwa sababu vitu vinavyohesabiwa, yaani atomu na molekuli, ni vidogo kupita kiasi. Neno hili lilitokea kwa wanakemia wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya rundo.

Mwaka 1971 moli iliingizwa rasmi katika orodha ya vizio vya msingi vya kimataifa, nayo ikaelezwa kuwa ni idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni ya aina ya 12. Maelezo hayo bado yamo katika vitabu vingi vya maktaba za vyuo. Tangu tarehe 20 Mei 2019 yamebadilishwa: moli sasa ni idadi iliyotajwa moja kwa moja, nayo ni 6.02214076 × 10²³. Kwa hesabu za darasani hakuna kilichobadilika, na mwanachuo asiogope kutumia kitabu cha zamani. Namba hiyo imepewa jina la Avogadro, mtaalamu wa Italia, ambaye mwaka 1811 alidai kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo moja, zina idadi sawa ya molekuli. Yeye mwenyewe hakuijua namba hiyo. Ilikuja kupimwa baada ya kufa kwake.

Ili ukubwa wake uingie akilini, chukua gramu 18 za maji, ambazo ni vijiko vya chai vitatu na nusu hivi. Hiyo ni moli moja ya maji. Lau watu wote wa dunia, ambao sasa wamepita bilioni 8, wangekaa kuhesabu molekuli zake, kila mtu molekuli moja kwa sekunde, bila kulala, kazi isingekwisha kabla ya miaka milioni 2. Ndiyo maana twahitaji mizani.

Na mizani ya kemia hufanya kazi kama ile ya maharage. Atomu ya kaboni na ya magnesiamu zina uzito ulio katika uwiano wa 12 kwa 24. Basi gramu 12 za kaboni na gramu 24 za magnesiamu zina idadi sawa ya atomu, na idadi hiyo ni moli moja. Katika mfano wetu, fungu la maharage lilikuwa gramu 40 na la mahindi gramu 30. Katika kemia uzito wa fungu husomwa katika jedwali la elementi. Kwa kampaundi hujumlishwa. Maji, H₂O, ni 1 + 1 + 16, yaani gramu 18 kwa moli.

Chokaa

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa chokaa, kwa kuwa mji wowote wa kale wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa Kisiwani, umejengwa kwayo. Mafundi walichoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo, na kilichobaki kikazimwa kwa maji. Mawe hayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Moto huyagawa hivi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Uzito wa atomu ni kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16. Moli moja ya mawe ni gramu 100. Moli moja ya chokaa kavu ni gramu 56. Moli moja ya hewa ya kaboni dioksidi ni gramu 44. Mwanachuo na ahakikishe kwanza kwamba 56 na 44 ni 100. Uhakikisho huo wa nusu dakika huokoa makosa mengi, nami huwashangaa wanaouruka.

Swali: kilo 250 za mawe safi zitatoa chokaa kavu kiasi gani? Gramu 250,000 tukizigawa kwa 100 ni moli 2,500. Kwa mujibu wa mlinganyo, kila moli ya mawe hutoa moli moja ya chokaa, kwa hiyo chokaa ni moli 2,500. Zidisha kwa 56: gramu 140,000, yaani kilo 140. Kilo 110 zilizosalia zimepaa angani. Fundi wa tanuri hupata tofauti kidogo na hesabu hii, kwa sababu mawe yake yana mchanga na udongo, na mengine hayakuiva katikati.

Tazama hatua tatu zilizopitiwa. Tumetoka kwenye gramu tukaingia kwenye moli. Tumevuka kutoka kitu kimoja hadi kingine tukiwa ndani ya moli. Kisha tumerudi kwenye gramu. Mlinganyo wa kemia hauzungumzi lugha ya gramu hata kidogo. Huzungumza lugha ya idadi tu. Anayejaribu kuvuka akiwa bado kwenye gramu ni sawa na yule mtoto aliyepima gramu 240 za mahindi.

Kosa hilo huonekana wazi zaidi katika maji. Mlinganyo 2H₂ + O₂ → 2H₂O husomwa na wanafunzi wengi kuwa gramu 2 za haidrojeni kwa gramu 1 ya oksijeni. Ukweli ni moli 2 za molekuli za haidrojeni, yaani gramu 4, kwa moli moja ya molekuli za oksijeni, yaani gramu 32, na maji yapatikanayo ni gramu 36. Oksijeni ina uzito mara nane ya haidrojeni inayoungana nayo. Namba inayotangulia imemdanganya msomaji kwa sababu hakujiuliza inahesabu nini. Kosa la jirani yake ni kusema "moli moja ya oksijeni" bila kueleza kama ni ya atomu, gramu 16, au ya molekuli, gramu 32.

Tahadhari moja: chokaa kavu isizimwe mbele ya watoto. Hutoa joto kali na huunguza macho. Kwa hesabu, karatasi yatosha. Wala wasitumwe pwani kubandua matumbawe, maana mwamba ulio hai ni makao ya samaki.

Mbolea ya shamba la shule

Shule zetu nyingi zina shamba, na mwalimu ndiye anayetumwa dukani kununua mbolea. Hapo moli huacha kuwa mambo ya mtihani.

Tuseme bwana shamba ameeleza kwamba shamba la shule linahitaji kilo 21 za nitrojeni, akapendekeza salfeti ya amonia, ile ambayo wakulima huiita S/A. Mwalimu anafika dukani, S/A imekwisha, ipo urea. Mfuko ni ule ule wa kilo 50, chembe ni nyeupe kama zile zile. Je, anunue mifuko mingapi?

Tuanze na nitrojeni. Gramu 21,000 tukizigawa kwa 14 ni moli 1,500 za atomu za nitrojeni. S/A ni (NH₄)₂SO₄, na moli moja ni gramu 132. Urea ni CO(NH₂)₂, na moli moja ni gramu 60. Kila moja ina atomu mbili za nitrojeni, kwa hiyo katika hali zote mbili twahitaji moli 750 za mbolea. S/A ni 750 × 132, yaani kilo 99, ambazo ni mifuko miwili kasoro kidogo. Urea ni 750 × 60, yaani kilo 45, ambazo hazifiki hata mfuko mmoja.

Mwalimu atakayebadilisha mfuko kwa mfuko, akanunua mifuko miwili ya urea, atakuwa amemwaga shambani zaidi ya mara mbili ya nitrojeni iliyoagizwa. Miche michanga huweza kuungua, na fedha za shule zimepotea. Jambo hili si la kubuni tu: nimeliona likitendeka katika shule niliyotembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha, na mahindi ya darasa zima yalikauka majani. Watoto waliambiwa kwamba jua lilikuwa kali.

Hata hivyo hesabu hii haiamui mbolea ipi inaufaa udongo upi. S/A huongeza salfa na pia huongeza uchachu wa udongo, na shauri hilo ni la bwana shamba. Hesabu huamua kiasi tu. Kwa watoto wa darasa la saba, moli huondolewa na uwiano hubaki: kilo 60 za urea zina kilo 28 za nitrojeni, na kilo 132 za S/A zina kilo 28 vilevile. Swali linalofuata wanaweza kulifanya kabisa.

Kitu kinachokwisha kwanza

Seremala ana miguu 17 ya vigoda na viti vya kukalia 7. Kigoda kimoja kina miguu mitatu. Atatengeneza vigoda vingapi? Vitano; miguu miwili na viti viwili vitabaki. Miguu ni mingi kuliko viti, lakini miguu ndiyo iliyokwisha kwanza. Swali hili lafaa hata darasa la nne, nalo ndilo lile lile linalowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tatu linapovaa nguo za kemia. Katika kuunda amonia, N₂ + 3H₂ → 2NH₃, nitrojeni ndiyo kiti na haidrojeni ndiyo miguu. Anayetazama gramu peke yake hawezi kujua kipi kitakwisha kwanza. Sharti ahesabu mafungu.

Namna ya kufanya mazoezi

Kuna pembetatu inayochorwa katika madaftari mengi, yenye uzito juu, na moli na uzito wa moli moja chini. Mwanafunzi hufunika kwa kidole kile anachokitafuta na jibu humjia. Mimi siipendi. Humpa mtoto jibu sahihi kwa miezi michache, kisha siku anapoisahau hana pa kuanzia, kwa kuwa hakuwa na wazo nyuma ya mchoro. Badala yake, kila mstari wa hesabu uandikwe pamoja na kizio chake na jina la kitu: si "2,500" bali "moli 2,500 za mawe". Vizio vikiandikwa, kosa la kugawanya mahali pa kuzidisha hujionyesha lenyewe.

Jambo jingine ni kukadiria kabla ya kukokotoa. Kabla ya kushika kalamu, mwanachuo aseme kwa mdomo kama jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko namba aliyopewa, na kwa nini. Chokaa lazima iwe pungufu ya mawe, maana kuna kilichotoka. Magnesiamu ikiungua, majivu lazima yazidi, maana kuna kilichoingia. Katika chumba changu cha semina jibu lisilotanguliwa na kadirio halisahihishwi.

Mazoezi yapangwe taratibu. Siku mbili nzima zaweza kutumika kwa kubadilisha gramu kuwa moli na moli kuwa gramu bila mlinganyo wowote, na ndipo mlinganyo wenye uwiano wa moja kwa moja ufuate, na ule wa mbili kwa moja baadaye. Wanaoanza na maswali magumu ili "kuwazoesha mtihani" huvuna watu wanaokariri. Namba zichaguliwe zinazogawanyika vizuri. Ugumu wa desimali usichanganywe na ugumu wa wazo.

Mazoezi

1. Gramu 9 za maji ni moli ngapi, na ndani yake mna moli ngapi za atomu za haidrojeni? (Jibu: moli 0.5, moli 1.)

2. Kilo 140 za chokaa kavu huzimwa hivi: CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Tafuta uzito wa maji yanayoungana nayo na wa chokaa iliyozimwa. Eleza kwa nini fundi humwaga maji mengi zaidi ya hayo. (Jibu: kilo 45, kilo 185.)

3. Gramu 6 za magnesiamu zimechomwa katika chupa yenye gramu 3.2 za oksijeni: 2Mg + O₂ → 2MgO. Kipi kinakwisha kwanza? Kinabaki nini, na kiasi gani? Hakikisha jibu lako kwa kujumlisha uzito wa kabla na wa baada. (Jibu: oksijeni, magnesiamu gramu 1.2, magnesiamu oksidi gramu 8.)

4. Mkulima amezoea mfuko mmoja wa S/A wa kilo 50. Apime kilo ngapi za urea ili apate nitrojeni ile ile? (Jibu: kilo 22.7 hivi.)

5. Tunga swali moja la darasa la sita lenye wazo la swali la 3, lisilotaja kemikali yoyote, na liwe la kitu ambacho watoto wa kijiji utakachopangiwa hukishika kwa mikono yao. Mpe mwenzako alijibu kabla ya kulipeleka darasani.